Jicho la mtoto mchanga linalotiririka machozi: mwongozo kamili wa mrija wa machozi ulioziba, kwa wazazi wa Arusha na Moshi

Machozi hayaishii jichoni. Kila mtoto anapopepesa, machozi yaliyokwisha kulainisha jicho huingia katika vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye ukingo wa kope la juu na la chini, upande wa pua, yakapita katika vijifereji vyembamba hadi kwenye kifuko cha machozi kilichojibanza kati ya kona ya jicho na mfupa wa pua, kisha yakashuka kwa mrija unaotokea ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia, pua nayo hutiririka. Mtoto anapoumbika tumboni, mrija huu huanza ukiwa hauna uwazi wowote, nao huzibuka polepole. Sehemu ya mwisho kuzibuka ni ile ya chini kabisa, inayotokea puani, ambako hubaki utando mwembamba ambao kwa watoto wengi hufunguka karibu na siku za kuzaliwa. Kwa wengine utando huo huchelewa. Vitabu vya tiba ya macho hutaja viwango vinavyotofautiana, kuanzia watoto 5 hadi 20 katika kila 100 wanaozaliwa, kwa hiyo hakuna familia inayopaswa kudhani kwamba imepatwa na jambo geni.

La muhimu kuliko yote ni kwamba takriban watoto 9 katika kila 10 wenye tatizo hili hupona bila upasuaji kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kazi kubwa ya mzazi katika miezi hiyo ni kuchua mahali panapostahili, kuliweka jicho safi, na kuacha kununua dawa za matone zisizohitajika. Lakini kabla ya hayo yote, lazima awe na hakika kwamba tatizo ni mrija na si ugonjwa mwingine, kwa sababu yako magonjwa machache ambayo hayangoji hata siku mbili.

Kuhakikisha kwamba tatizo ni mrija

Mrija ulioziba hauonekani siku ya kwanza. Mtoto mchanga hutoa machozi kidogo sana, hivyo dalili huanza kujitokeza mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya nne, machozi yanapoanza kuongezeka. Jicho moja, na wakati mwingine yote mawili, huonekana limejaa maji hata mtoto asipolia; chozi husimama ukingoni na kumwagika shavuni. Asubuhi nywele za kope huwa zimegandamana kwa tongotongo, na ukibonyeza taratibu kwenye kona ya jicho upande wa pua, ute mweupe au wa manjano hupanda kutoka katika kile kitundu kidogo. Hali huzidi mtoto anapopata mafua, na vilevile katika baridi na upepo, kwa hiyo mama wa Arusha aliyejifungua mwezi wa Mei asishangae jicho likitiririka zaidi mwezi wa Julai kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Pamoja na hayo yote, weupe wa jicho hubaki mweupe, kope halivimbi sana, na mtoto hufungua jicho vizuri na kutazama mwanga bila kukerwa. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha nyumbani. Msogeze mtoto karibu na dirisha, si juani, umtazame akiwa ametulia. Jicho lenye maji na tongotongo lakini jeupe na tulivu huenda lina mrija ulioziba. Jicho jekundu, lililovimba, au linalokwepa mwanga ni jambo jingine, na hapo mwongozo wa kuchua unasimama.

Hatari ya kwanza ni maambukizi ya macho ya siku za mwanzo, ambayo mtoto huyapata kwenye njia ya uzazi. Usaha wa kisonono hutokea kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuzaliwa: makope huvimba mno, usaha mzito hutoka kwa wingi na kurudi dakika chache baada ya kufutwa. Vijidudu hivi vinaweza kutoboa kioo cha mbele cha jicho ndani ya muda mfupi sana na kumwacha mtoto kipofu. Maambukizi ya klamidia, ambayo nayo ni ya zinaa, hujitokeza baadaye kidogo, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na yanaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Mafuta ya tetrasaiklini ambayo wakunga hupaka machoni mara tu mtoto azaliwapo yamewekwa kwa ajili ya hatari hizi, ila kupakwa kwake si dhamana; na aliyezaliwa nyumbani au njiani huenda hakupakwa kabisa. Usaha wa namna hiyo katika mwezi wa kwanza ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, na mama pamoja na mwenzi wake watahitaji kutibiwa pia, jambo ambalo halipaswi kugeuzwa ugomvi wa nyumbani wakati mtoto anangoja dawa.

Ya pili ni presha ya jicho ya kuzaliwa nayo. Mtoto hutokwa machozi, lakini hukunja uso na kufumba macho penye mwanga, kioo cha mbele cha jicho huonekana na ukungu, na jicho lenyewe huwa kubwa kuliko kawaida. Watu wa nyumbani wanaweza kuyasifu macho hayo makubwa kuwa mazuri, na kumbe ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea. Huyu naye apelekwe haraka kwa daktari bingwa wa macho.

Uvimbe wenye rangi ya samawati chini ya kona ya jicho, unaoonekana tangu siku za mwanzo, ni kifuko cha machozi kilichojaa na kufungwa juu na chini. Unaweza kuota pia ndani ya pua, na kwa kuwa mtoto mchanga hutegemea pua kupumua, hasa anaponyonya, mtoto wa namna hii anayehema kwa shida asingojeshwe. Na kama mahali hapohapo pamekuwa pekundu, pa moto na penye maumivu, mtoto ana homa au anakataa titi, kifuko kimeingiwa na maambukizi makali. Huyo hulazwa na kupewa antibayotiki kwa mshipa, na kwa hali yoyote asichuliwe hapo.

Ukiona katikati ya mboni kuna weupe, mwambie daktari hata kama jicho halitoi machozi.

Kusafisha

Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe ya uvuguvugu katika chombo safi chenye kifuniko, na uandae pamba safi au gozi. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha kipande cha pamba, kikamue, kisha futa kutoka kona ya pua kuelekea nje kwa mkupuo mmoja, na ukitupe. Mkupuo wa pili ni kwa kipande kipya, na jicho la pili lina vipande vyake. Tongotongo lililokauka halibanduliwi kwa ukucha: weka pamba yenye unyevu juu ya kope kwa muda mfupi hadi lilainike. Ncha ya kanga, ambayo imeshafuta maziwa, jasho na mikono ya wageni, isiguse jicho hilo hata kama ndiyo iliyo karibu. Maji yaliyobaki hayatunzwi kwa kesho.

Kuchua: hatua ambayo wengi huikosea

Mwaka 1923 daktari wa macho wa New York aitwaye Crigler alichapisha maelezo ya namna ya kuufungua utando huu kwa kidole, na mpaka leo madaktari hufundisha njia hiyohiyo. Nguvu yake haitokani na kusugua ngozi bali na msukumo wa majimaji: kidole kinapokibana kifuko kwa juu, kikaziba njia ya kurudi jichoni, ute uliomo ndani hauna pa kwenda ila chini, nao huusukuma utando hadi upasuke, kama maji ya bomba yanavyoweza kuzibua mpira wa bustani ulioziba mwisho wake. Mzazi akilielewa hili, ataona mwenyewe kwa nini kusugua daraja la pua, au kuzungusha kidole juu ya kope kama wengi wafanyavyo, hakuna faida.

Kata kucha za kidole utakachokitumia, ziwe fupi kabisa, kisha nawa mikono. Wakati mzuri ni mtoto anaponyonya au akiwa amesinzia baada ya kushiba, kwa sababu anayelia hukunja uso na mahali pa kushika hupotea. Mlaze kichwa kikiwa kimetulia mkononi mwako au kwenye mapaja, na ufute jicho kwanza.

Tafuta mahali penyewe. Weka ncha ya kidole cha shahada, au kidole kidogo kama mikono yako ni minene, kwenye kona ya jicho upande wa pua. Utahisi ukingo wa mfupa wa tundu la jicho, na ndani kidogo ya ukingo huo kuna kibonde kilaini: hapo ndipo kifuko kilipo. Kidole kisiwe juu ya jicho lenyewe, wala kisipande kwenye mfupa mgumu wa pua. Mara ya kwanza ni vizuri ujipapase usoni mwako mbele ya kioo, kwani kwa mtu mzima sehemu hizo ni kubwa na huhisika upesi.

Bonyeza kuelekea ndani, taratibu lakini kwa uthabiti, na bila kulegeza shinikizo telezesha kidole kushuka chini kandokando ya pua, umbali wa sentimita moja hivi. Inua kidole, rudi juu, anza tena. Mkupuo ni wa kushuka tu. Ukipandisha kidole ukiwa bado umebonyeza, unausukuma ute kurudi jichoni. Kuhusu kiasi cha nguvu, ambacho ndicho wazazi huogopa kuliko yote, kipimo kinachosaidia ni kutazama ukucha wako: ukibonyeza inavyotakiwa, rangi ya ukucha hupauka kidogo. Mpapaso wa kubembeleza haufanyi kitu, na nguvu inayoacha alama ya wekundu kwenye ngozi imezidi.

Fanya mikupuo 5 hadi 10 kwa mara moja, na urudie mara 2 hadi 4 kwa siku. Iambatanishe na mambo ambayo tayari hayasahauliki, kama kunyonyesha kwa asubuhi na kuogesha kwa jioni. Ute ukitokea kwenye kona wakati wa kuchua, ufute. Kutokea kwake ni ishara kwamba umekipata kifuko. Usitegemee mabadiliko kwa wiki moja. Wengine hufunguka ghafla, jicho likakauka siku moja na lisirudie tena, na wengine huenda kwa wiki nzuri na wiki mbaya, hasa mafua yakiingia. Ngozi ikichubuka, pumzika hadi ipone.

Kwa kuwa katika nyumba nyingi za Uchagani mama aliye katika uzazi huhudumiwa na mama mkwe au mama yake mzazi, ambaye ndiye humshika mtoto muda mrefu wakati mzazi akinywa mtori wake na kupumzika, nashauri bibi afundishwe pamoja na mama, na mhudumu wa kliniki awaonyeshe wote wawili kwa mkono wake. Hudhurio la chanjo la wiki ya 6 ni nafasi nzuri: dalili zimeshajitokeza, muuguzi yupo, na yanayoonekana yanaweza kuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Bibi huyohuyo ndiye atakayesaidia jambo jingine lenye manufaa, yaani kumtenga mtoto na moshi wa jiko la kuni, ambao hausababishi kuziba lakini huongeza machozi ambayo mrija hauwezi kuyapitisha. Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi hufanya vivyo hivyo.

Vinavyotiwa jichoni bure, na vinavyodhuru

Dawa ya matone ya antibayotiki hupunguza usaha, haifungui utando. Huu ndio mkanganyiko unaowagharimu wazazi fedha: matone yanatumika, tongotongo linapungua, dawa inaisha, tongotongo linarudi, na duka la dawa linauza chupa ya pili na ya tatu. Antibayotiki ina nafasi yake usaha unapokuwa mwingi wa manjano au kijani, kwa siku chache alizoandika mtabibu baada ya kumwona mtoto. Maji matupu na ute kidogo wa asubuhi havihitaji dawa.

Hatari zaidi ni chupa zenye deksamethasoni au steroidi nyingine, ambazo huuzwa kwa kuwa hutuliza wekundu upesi. Zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuyapa nguvu baadhi ya maambukizi. Soma maandishi ya chupa, au mwombe muuzaji akusomee, na usiitumie kwa mtoto bila daktari wa macho kuiandika. Chupa iliyofunguliwa kwa ajili ya mtoto mwingine wa jirani haifai pia.

Maziwa ya mama hukamuliwa jichoni katika familia nyingi kwa nia njema, lakini hayawezi kupasua utando, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huwafanya watu wangoje wakati jicho lina usaha wa kisonono. Maji ya majani, maji ya sukari, asali na wanja havina nafasi yoyote. Dawa za majani zilizotiwa machoni zimekuwa chanzo kinachojulikana cha vidonda vya kioo cha jicho na makovu yasiyofutika.

Lini umwone daktari wa macho

Hata jicho likiwa tulivu, nadhani ni busara mtoto aonwe mara moja na mtaalamu wa macho katika miezi ya mwanzo, ili magonjwa yaliyotajwa juu yaondolewe shaka. Mkoani Arusha wazazi huanzia kituo cha afya na kupewa rufaa ya Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Moshi kuna Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi, na juu ya zote kuna KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre), iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini na yenye idara ya macho inayofundisha pia madaktari bingwa. Chukua barua ya rufaa, kadi ya kliniki na kadi ya bima kama ipo, na ulizia mapema siku za kliniki ya macho ya watoto na gharama, kwa kuwa msamaha wa malipo kwa walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali haumaanishi kwamba kila hospitali ya taasisi za dini hutoa huduma hizo bure.

Daktari anaweza kutia tone la rangi ya manjano katika macho yote mawili na kuyatazama baada ya dakika 5: penye mrija wazi rangi hutoweka, penye kuziba hubaki. Kipimo hiki hakiumi. Ataangalia pia kama macho yote mawili yanaona sawasawa, jambo linalofaa kufuatiliwa kwa watoto ambao machozi yao yameendelea kwa muda mrefu. Watoto waliozaliwa na hali iitwayo Down syndrome, au walioumbika tofauti sehemu za uso, hupata tatizo hili zaidi na kwao kuchua pekee huenda kusitoshe, hivyo waanze kufuatiliwa mapema.

Upasuaji kwa kawaida hungojwa hadi mtoto anapokaribia au kutimiza mwaka mmoja. Kungoja huko kuna ushahidi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto ambao walikuwa bado na dalili wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 10, wakichuliwa na kupewa matone ilipohitajika, na takriban theluthi mbili yao walipona ndani ya miezi 6 iliyofuata. Mzazi wa mtoto wa miezi 8 anayeambiwa endelea kuchua hajapuuzwa. Kinachobadilisha uamuzi ni maambukizi ya kifuko yanayojirudia au uvimbe. Hapo daktari hatangoja mwaka.

Kuzibuliwa hospitalini

Mtoto akifikishwa hapo, hatua inayofuata ni kuzibua mrija kwa kijiti chembamba cha chuma. Hufanyika chini ya dawa ya usingizi, ile ambayo watu huiita nusu kaputi. Daktari hupanua kidogo kitundu cha kope, hupitisha kijiti hadi kwenye kifuko, hukielekeza chini hadi kiupasue utando, kisha husukuma maji ya chumvi kuona kama yanatokea puani. Hakuna mshono wala kovu usoni, na kazi yenyewe mara nyingi huchukua dakika chache tu, ingawa maandalizi na kuamka hula sehemu kubwa ya siku.

Kufunga kabla ya usingizi ndiko kunakoahirisha wengi. Maelekezo ya kawaida ni kwamba uji, chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo yakome muda wa saa 6 kabla, na maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla, kwa kuwa kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mwombe muuguzi akuandikie kwa saa ya ukutani, kwamba mwisho kunyonyesha ni saa fulani ya alfajiri, badala ya kukuhesabia. Anayetoka Karatu au Longido afikirie kulala Moshi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtoto akinyonya kwa bahati mbaya, sema. Kuahirishwa ni afadhali sana kuliko hatari hiyo. Sema pia akiwa na mafua, kikohozi au homa.

Baada ya kuzibuliwa, machozi yenye rangi ya waridi au damu kidogo puani kwa siku moja si jambo la kutisha, na mtoto hunyonya mara aamkapo sawasawa. Matone ya antibayotiki huandikwa kwa siku chache. Jicho linaweza kuendelea kutoa machozi kwa wiki kadhaa huku uvimbe wa ndani ukipungua. Kwa watoto wa umri huu kuzibua mara moja hufaulu kwa takriban 8 hadi 9 katika kila 10. Rudi upesi iwapo kuna homa, uvimbe mwekundu kwenye kona ya jicho, au damu isiyokoma.

Kwa wachache ambao machozi yanarudi, daktari anaweza kurudia, au kupitisha mrija mwembamba wa silikoni unaoachwa ndani kwa miezi kadhaa ili njia isijifunge. Kitanzi chake huonekana kama uzi katika kona ya jicho, na mtoto akikivuta kikaning'inia shavuni, kisikatwe wala kurudishwa ndani kwa nguvu: kibandikwe shavuni kwa plasta na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo. Ikishindikana pia, hubaki upasuaji wa kutengeneza njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani, ambao kwa kawaida huachiwa mtoto awe amekua zaidi, na ambao ni wachache sana kati ya wote walioanza na jicho la tongotongo hufikia kuuhitaji.